Mamangu ana stroki, nyumba ya wazee mtu aingiaje? Naombeni ushauri

Umm_Swaleh: Asalam aleikum jamani. Mamangu ana miaka 74, stroki ilimpiga mwaka jana, upande wa kulia umelala kabisa na maneno yamtoka mawili matatu. Twamuuguza nyumbani Kisauni, lakini dadangu kaolewa Lamu, sahii nimebaki mimi na dada wa kazi ambaye jioni yuaenda kwake. Usiku ndio mtihani, lazima ageuzwe kila masaa mawili asitoke vidonda, ni mtu mzito, na mimi asubuhi saa kumi na mbili niko kazini. Kuna mtu kanitajia nyumba ya wazee, kakangu mkubwa kusikia akawaka ati tutaaibika mtaa mzima. Hizi nyumba huingiaje? SHA, ile bima ya afya ya serikali, yalipa? Shangazi naye asema tuuze nyumba ya mama tupate pesa za kulipia.

Nesi_Changamwe: Pole sana dadangu. Ziko za hisani na za kulipia. Za hisani huchukua mzee asiye na mtu, na njia yake ni chifu na ofisi ya ustawi wa jamii, ofisa huja nyumbani kuangalia hali kwanza. Mama ana watoto, sioni kama mtapata nafasi huko. Za kulipia unaenda mwenyewe na ripoti ya daktari, kitambulisho, na jamaa wa kuweka sahihi, halafu ni pesa ya kila mwezi, na pampasi na dawa mara nyingi ziko juu yako, kwa hivyo uliza mapema bei imeingiza nini. SHA ni ya matibabu, hailipii mtu kukaa na kutunzwa. Lakini mchango wake usikatike, kima cha chini ni 300 kwa mwezi na asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600, maana akilazwa Makadara, hospitali kuu ya serikali hapa Mombasa, utaihitaji.

BabaFatma: Usikubali kuonyeshwa ofisi na bustani tu. Sisi mzee wetu alikaa sehemu fulani ikapendeza kweli mchana, kumbe usiku mtu mmoja na wagonjwa nyumba nzima, akarudi na kidonda cha kiuno. Enda saa ya chakula bila kupiga simu, uangalie yule asiyeweza kushika kijiko, je, yuko wa kumlisha au sahani imewekwa tu mbele yake ipoe? Vyumbani kukinuka mkojo rudi zako nyumbani. Uliza usiku hubaki nani, kama nesi wao ana leseni, na mama ataogeshwa na mwanamke? Na swala je, yuko wa kumtilia udhu?

Kobe_wa_Majengo: Nyumba msiuze! Kama ni nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yenu lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, vile zilivyo nyingi huku kwetu, mtapewa pesa kidogo na itaisha mama bado yuko hai. Pangisheni vyumba viwili, kodi imlipe mlezi wa usiku.

Umm_Swaleh: Mlezi wa usiku sikuwa nimemfikiria. Lakini si ataumia mgongo kama mimi?

Nesi_Changamwe: Hamfundishwi, ndio maana mwaumia. Enda idara ya fizio (tiba ya viungo) pale Makadara uombe wawaonyeshe kumvuta kwa shuka: shuka ikunjwe iwe chini yake toka mabegani hadi mapajani, watu wawili huku na huku, hamumshiki kwapa kabisa, hasa ule mkono uliolala maana bega huchomoka. Visigino viwe hewani, mto ukae chini ya miguu. Ukipata godoro la upepo ni bora zaidi, japo kugeuzwa bado atageuzwa. Na nyumba za kulipia nyingine huchukua mgonjwa kwa muda mfupi, waulize, nawe upate kulala.

Mwanasheria_Pwani: Kaka mwambie Katiba Ibara ya 57 inataja jamaa na serikali pamoja katika kumtunza mzee, kwa hivyo naye achange, kama si usiku basi pesa. Mama ana 70 na zaidi, muulize chifu kuhusu Inua Jamii, zile pesa za serikali za wazee, ni 2,000 kwa mwezi, na usajili haufunguliwi kila siku. Kadi ya ulemavu pia muombeeni, hospitali ya serikali ndiyo humpima.

Umm_Swaleh: Allah awalipe kheri nyote. Kesho niko ofu, naanza kwa chifu halafu fizio. Kaka nimemtumia huu uzi, kasema atakuja Ijumaa tukae. Ajuaye mlezi mwanamke wa usiku upande wa Kisauni au Bamburi, mwenye moyo na mgonjwa, anitumie namba inboksi tafadhali.