Wazazi walale Kivukoni au Masaki kabla ya kuvuka kwenda Zanzibar?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Watashuka Dar es Salaam kwa treni ya SGR kutoka Dodoma, walale hapa, kisha wapande boti ya asubuhi kwenda Zanzibar. Baba, aliyekuwa karani bandarini, anatamani Hoteli ya Kilimanjaro, iliyoko Kivukoni, ambayo enzi zile aliishia kuitazama kwa nje tu. Wadogo zangu wanashikilia Masaki, wakisema kumetulia zaidi. Naomba mnisaidie kupima, maana bei ya Kivukoni si ya kufumba macho.

Mkazi wa Upanga
Kwa safari ya namna hii Masaki itawachosha. Stesheni ya SGR na gati la boti vyote viko katikati ya jiji, kwa hiyo utawapeleka hadi rasi ya Msasani na kuwarudisha alfajiri wakiwahi boti. Daraja la Tanzanite limepunguza adha tangu lilipofunguliwa 2022, lakini mizigo na umri havipunguzwi na daraja.

Mhandisi mstaafu
Kijana, ujue kwanza unalipia nini. Kilimanjaro ilifunguliwa 1965, taifa likiwa bado changa, lakini ukarabati mkubwa wa miaka ya 2000 uliibadilisha sana ndani, na leo inaendeshwa kwa jina la Hyatt Regency. Hoteli ya New Africa nayo imesimama kwenye kiwanja cha Kaiserhof, hoteli ya zama za Wajerumani, ila jengo la zamani lilishabomolewa. Kwa hiyo anayetafuta kuta za kale hatazikuta chumbani; atazikuta akitoka nje: Kanisa la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na Boma la Kale la zama za Sultani Majid, yote kwa mwendo wa taratibu kando ya bandari. Kilichobaki ndani ni dirisha. Baba yako akipata chumba kinachotazama bandari, ataziona meli zikiingia na pantoni ikivuka kwenda Kigamboni, jambo ambalo kwa karani wa bandari lina thamani yake. Akipewa chumba cha upande wa mjini, sioni sababu ya kulipa bei hiyo.

Msafiri wa Dodoma
Naafikiana na mzee. Naongeza kwamba niliwahi kutajiwa bei kwa simu na hoteli moja ya mjini, nikafika nikaongezewa VAT ya asilimia 18 pale kaunta. Dai bei kamili kwa maandishi. Uliza pia kama watafungiwa kifungua kinywa, kwani boti haisubiri. Na kama ni Jumapili, maduka mengi ya mtaa wa Samora hufungwa, hivyo matembezi yafanyike mchana.

Mwanzisha mada
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Masaki nimeiondoa. Nitaulizia chumba cha Kilimanjaro cha upande wa bandari pekee, na kikikosekana nitaomba bei ya New Africa kwa masharti hayohayo.