Siku Samatta alipofunga Wembley ulikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Kizuiani
Wakuu, habari za jioni.

Leo kwenye daladala nimemsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake kwamba Mbwana Samatta, straika wetu wa Tanzania aliyechezea Aston Villa, "alifeli Uingereza". Nimeshuka kituoni roho inaniuma. Yule kijana mwaka 2020 alikuwa bado mdogo sana, simlaumu. Ila nimejiambia, sisi tulioishuhudia ile safari tusipoisimulia, watabaki na hayo ya kuokoteza.

Kwa hiyo uzi huu ni wa kumbukumbu. Ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, uliona nini kwa macho yako. Naanza mimi.

Jumapili, tarehe 1 Machi 2020. Fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza pale Wembley, Aston Villa ya Samatta na Manchester City. Kwa saa zetu mpira ulianza saa 1:30 usiku. Kibanda umiza chetu pale Mbagala kilikuwa cha mabati na maturubai, viti vya plastiki mbele, mabenchi nyuma. Kiingilio cha siku zote kilikuwa mia tano. Siku ile mwenye banda alitoza buku na hakuna aliyenung'unika. Watu walipakatana. Pembeni yangu alikaa fundi cherehani wa mtaani kwetu, mzee wa makamo ambaye kwa kawaida haji bandani kabisa.

Nusu saa haijaisha, City wameshaweka mbili, Agüero kisha Rodri. Banda likanyamaza mpaka ukawa unasikia feni inavyokwaruza. Dakika ya 41 John Stones akateleza, El Ghazi akauwahi mpira, akamimina krosi, na Samatta akajitupa. Mwili wote ulilala hewani. Kichwa kikaukuta mpira, wavu ukatikisika.

Fundi alikuwa amenikamata mkono tangu mpira ulipotoka mguuni kwa El Ghazi. Wengine walirusha viti, turubai likachanika upande mmoja, mwenye banda mwenyewe alikuwa anaruka. Fundi hakupiga kelele. Alisema mara mbili, taratibu, "Mtoto wa Mbagala. Mtoto wa Mbagala." Asubuhi nilipooga nikaziona alama za vidole vyake mkononi mwangu.

City walishinda 2-1. Sisi tulitoka pale kama tumebeba kombe.

Karibuni.

Nesi wa Zamu
Mimi Wembley sikuiona. Nilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wanaume, Dodoma. Nilisikia honi za bodaboda barabarani, nyingi kwa mpigo, nikajua tu. Mgonjwa mmoja aliyekuwa na mguu kwenye plasta akaniita, "Sista, ni yeye?" Nikamwambia sijui lakini nadhani ni yeye. Akaomba nimwinulie mto akae. Basi, alikaa hivyo mpaka usiku wa manane, anatabasamu peke yake.

Lushois wa Kamalondo
Jambo yenu bote. Miye niko mutu ya Lubumbashi, ku Kamalondo, karibu na stade ya TP Mazembe, klabu ya kwetu Kongo. Nitajikaza niandike Kiswahili ya kwenu, munivumilie.

Nyinyi munaanza hadithi Wembley. Sisi tunaianza 2011. Mujue timu gani alikutana nayo. Desemba 2010 Mazembe ilikuwa imecheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na Inter ya Italia, klabu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Mfalme wa mbele alikuwa Trésor Mputu. Halafu kutoka Simba analetwa kijana mwembamba wa miaka 18. Huku kwetu batu hawana huruma na mshambuliaji. Ukikosa bao, tribune nzima inakuambia.

Alikaa karibu miaka mitano. Miaka mitano, ndugu zangu! Mtanzania mwenzake Ulimwengu alikuwa naye pia. Sisi tulimuona akikua msimu kwa msimu: kwanza mbio tu, kisha akajua kusimama katikati ya mabeki wawili, kisha akajua kungoja mpira.

Tarehe 8 Novemba 2015, mechi ya marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na USM Alger ya Algeria. Kule Alger tulikuwa tumeshinda 2-1, bao moja lake la penalti. Nyumbani ilikuwa bado 0-0 mpaka robo saa ya mwisho, na roho zilikuwa juu, kwa sababu bao mbili zao zingetumaliza. Penalti tena. Ngoma za Cent pour Cent, kundi letu la mashabiki, zikakatika. Nilikuwa nyuma ya goli la upande mwingine, sikuweza kutazama, nilitazama uso wa kaka yangu. Uso wake ulipofunguka nikajua ameingiza. Assalé akaweka la pili dakika za mwisho.

Alimaliza mashindano na mabao 7, kileleni mwa wafungaji pamoja na mwenzake wa El Merreikh. Januari 2016, Abuja, akapewa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika. Mwezi ule ule akaenda Genk, klabu ya Ubelgiji. Kaka yangu amekufa 2021. Nikiona jina Samatta naona ule uso.

Mtoto wa Kizuiani
Pole sana kaka kwa msiba. Na asante. Hiyo miaka ya Lubumbashi ndiyo watu wengi hapa Dar hatukuifuatilia. Tulikuwa tunasoma matokeo kwenye magazeti siku ya pili, basi.

Dada wa Limburg
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi nilikuwa Genk kwenyewe, nilikuja 2017 kwa kazi ya kulea wazee.

Genk msiifikirie kama Ulaya ya kwenye filamu. Ni mji wa migodi ya makaa ya mawe iliyofungwa miaka ya 1980. Hata klabu yenyewe ilizaliwa 1988 kwa kuunganisha timu mbili za vitongoji vya migodi, Winterslag na Waterschei. Wamejaa watu ambao baba zao walikuja kuchimba makaa: Waitaliano, Waturuki, Wamoroko, Wagiriki. Baridi ya Januari inakung'ata masikio mpaka unalia bila kutaka.

Mzee niliyekuwa namhudumia alikuwa mchimbaji, asili ya Italia. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Kila mahali nilizoea watu waulize "ni wapi hiyo?" Yule mzee alinyoosha kidole kimoja juu, akasema "Samatta!" Kuanzia hapo sikuwa mgeni nyumbani mwake. Nilikuwa natoka nchi ya mtu wao. Alinionyesha kwenye simu ya mjukuu wake mabao matatu aliyowapiga Brøndby ya Denmark Agosti 2018, akanirudishia lile la tatu mara nne.

Msimu wa 2018/19 Samatta alifunga mabao 23 ya ligi na Genk wakachukua ubingwa. Akapata na Kiatu cha Eboni, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Ubelgiji mwenye asili ya Afrika. Usiku ubingwa ulipothibitika, tarehe 16 Mei, walikuwa wanacheza ugenini kwa Anderlecht. Mimi na mzee tulitazama sebuleni. Filimbi ya mwisho ilipolia magari yakaanza kupiga honi mtaa mzima. Mzee akaniomba nimvalishe koti, nimsukume na kiti chake mpaka barabarani. Tulisimama pale pembeni kama nusu saa, bibi mmoja wa Kituruki akatuletea chai kwenye vigilasi. Mzee akanivua skafu yangu, akanivika yake ya klabu, ya buluu na nyeupe. Ninayo mpaka leo.

Mtani wa Nairobi
Watani zangu wa Bongo, heshima yenu. Mimi Samatta amenipa raha na pia amenikosesha usingizi. AFCON 2019, Cairo, tarehe 27 Juni, Kenya na Tanzania. Msuva wenu anafunga mapema, Olunga wetu anasawazisha dakika ya 39, hata hatujakaa vizuri, dakika moja baadaye Samatta kaweka la pili. Nilikuwa Eastleigh na binamu yangu aliyezaliwa Tanga. Alinikumbatia kwa nguvu hadi nikakasirika kikweli. Tulipomaliza tumeshinda 3-2, Olunga kafunga la mwisho, nikamkumbatia yeye, na sote wawili tulikuwa na machozi. Kwa nini, sijui kueleza vizuri. Pengine ni kwa sababu kwa mara ya kwanza mastraika wawili wetu, mmoja amefunga hat-triki La Liga akiwa na Girona, mwingine ametoka kuchukua ubingwa Ubelgiji, walikuwa wanapimana nguvu mbele ya Afrika nzima.

Namba Tisa Moro
Nimesoma zote. Yangu si ya furaha lakini naona inastahili kukaa hapa, maana kuna vijana wanasoma.

Mwaka 2013 nilikuwa straika wa timu ya mtaani Morogoro, miaka 19. Kwenye ndondo nilifunga sana. Akaja mtu anajiita wakala, kavaa vizuri, anaongea taratibu. Akasema amenipatia majaribio Uturuki, na kila sentensi ya pili ni Samatta: "Samatta alianza hivi hivi." Alitaka milioni mbili na nusu za viza, tiketi na "usajili". Baba aliuza shamba la mpunga. Nikapewa barua yenye nembo na muhuri. Nikanunua viatu vipya Kariakoo, nikavifunga kwenye begi na jezi mbili.

Wiki ya safari simu yake ikazima. Mpaka leo. Vile viatu vilikaa darini miaka sita havijagusa nyasi. Baba hajawahi kunilaumu hata kwa neno, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba Samatta hakuanza hivyo hata kidogo. Alicheza African Lyon, akaenda Simba, Mazembe wakamwona uwanjani akicheza dhidi yao, klabu ikazungumza na klabu. Hakulipa mtu amuuze. Vijana, shikeni haya: klabu inayokutaka kweli inaiandikia klabu yako. Shirikisho la hapa ndilo linalotoa hati ya uhamisho wa kimataifa kwenda shirikisho la huko. Na chini ya miaka 18 kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa nje ya nchi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kelvin John alisajiliwa Genk 2021 baada ya kutimiza 18, pamoja na kipaji chake chote. Mtu akikuambia atakupeleka Ulaya una 16 kwa milioni mbili, ondoka hapo.

Kocha wa Mchangani
Namba Tisa, mwanangu, umeandika kwa uchungu na umesema kweli.

Mimi naongeza la upande wetu walimu. Mchezaji akiuzwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 mpaka 23. Msimu mmoja wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada, na wa 16 hadi 23 ni 0.5. Kwa ada ya euro milioni moja, msimu mmoja tu wa kijana wa miaka 17 ni euro 5,000. Sisi kwa euro 5,000 tunanunua mipira ya miaka kumi.

Kuna kijana wangu alienda mbali, jina naliacha. Tulipotakiwa kuthibitisha kwamba alicheza kwetu, kumbukumbu zilikuwa kwenye daftari la kaunta, na lile daftari lilinyeshewa mafuriko. Wino ulikuwa umesambaa, majina hayasomeki. Na hata lingesomeka lisingetosha, kwa sababu timu haikuwa imesajiliwa rasmi shirikisho. Nilikaa na lile daftari juani siku nzima nageuza kurasa moja moja. Sajilini timu zenu. Sajilini na watoto, kila msimu.

Muscat 7
Naomba radhi kabla sijaandika. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomtukana Samatta mtandaoni.

Mechi 14 za ligi Villa, bao moja, la Bournemouth. Niliandika maneno mabaya. Septemba 2020 alipopelekwa Fenerbahçe ya Uturuki nikacheka. Kisha Antwerp kwa mkopo, kisha akarudi Genk, nikasema amekwisha.

Mwaka 2022 nikaja Oman kwa kazi. Ndani ya miezi 14 nimehamishwa sehemu tatu, kila mara napewa siku mbili za kufunga begi. Kila unapofika unaanza upya: hujui mtu, bosi hajui unachoweza, na anakupima kwa wiki ya kwanza. Usiku mmoja chumbani nikarudia kutazama zile mechi za Villa. Aliingia Januari, katikati ya msimu, kwa sababu Wesley ameumia goti, timu inapigania kutoshuka daraja. Wiki chache baadaye corona ikasimamisha kila kitu. Ligi iliporudi Juni, viwanja vitupu, krosi hazimfikii. Nilimtazama anavyokimbia kwenye nafasi, anakimbia tena, mpira hauji. Nilizima simu nikalia.

2023 alipokwenda PAOK nikaanza kumfuatilia kila wiki. Walipochukua ubingwa wa Ugiriki 2024 niliwanunulia wenzangu chumbani biriani. Hawakujua kwa nini.

Dada wa Limburg
Kaka Muscat, huna deni. Umeandika kitu kizito.

Anfield Usiku
Hakuna aliyeitaja Anfield, uwanja wa Liverpool, jamani? Tarehe 5 Novemba 2019, Genk ugenini kwa Liverpool, saa 5 usiku kwetu. Mimi ni Liverpool damu, tangu shule ya msingi. Kona, Samatta anapanda juu ya watu, kichwa, 1-1. Nilisimama nikashangilia bao la kuifunga timu yangu mwenyewe. Mke wangu alitoka chumbani na khanga kuuliza kama ni wezi.

Nesi wa Zamu
Mtoto wa Kizuiani, yule fundi cherehani yupo?

Mtoto wa Kizuiani
Yupo, Alhamdulillah. Macho yamepungua, siku hizi kutunga uzi anamwachia mjukuu wake. Mwaka ule wa 2020 alishona jezi za watoto wa mtaa bila malipo, akakata namba kwa kitambaa cha buluu. Watoto wawili waligoma kuvaa kingine chochote isipokuwa 20, namba aliyovaa Samatta Villa, akawashonea wote wawili.

Tangu Samatta aende Le Havre ya Ufaransa mwaka 2025, fundi ananiuliza kila wiki wanacheza lini, na saa ngapi kwa saa zetu. Namwandikia kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa. Anakichomeka kwa pini kwenye kile kitambaa cha kuchomekea sindano, pale pale kwenye cherehani, anaendelea kushona.