Mjadala: Usawa ukizidi, mwanamume na mwanamke wanakaribiana au wanaachana?

Mwalimu, Kondele

Kila semina ya jinsia ninayohudhuria hapa Kisumu inasimama juu ya dhana moja: nchi ikimpa mwanamke nafasi sawa, yeye na mwanamume watazidi kujiona sawa. Takwimu zinasema kinyume, na kwenye semina hazitajwi.

Mwaka 2001 Costa, Terracciano na McCrae walichapisha majibu ya watu 23,031 kutoka tamaduni 26. Watu waliulizwa wajieleze. Una wasiwasi upesi? Una huruma? Unapenda kushika usukani? Kwa jumla wanawake walijiona wenye wasiwasi na upole zaidi, wanaume wakajiona wenye kauli nzito zaidi. Hapo hakuna jipya. Jipya ni kwamba pengo lilikuwa pana zaidi Ulaya na Marekani, kule baba anabadilisha nepi na mama anaendesha treni, na likawa jembamba zaidi katika jamii za Afrika na Asia ambako kazi hugawanywa mapema kwa jinsia. Mwaka 2008 Schmitt na wenzake walipima mataifa 55, mambo yakawa yale yale. Mwaka 2018 Falk na Hermle wakaangalia subira, ujasiri wa kubahatisha, ukarimu na kuaminiana, kwa watu wapatao 80,000 katika nchi 76, Kenya ikiwemo. Tena pengo likapanuka pamoja na utajiri na usawa.

Wako wanaosema shibe huachia maumbile nafasi ya kujitokeza: mtu asiyehangaikia unga hufuata alivyoumbwa. Mimi siafiki. Naona jawabu liko kwenye kipimo ambacho mtu anajipimia. Tulipewa fomu ya aina hiyo kwenye chama chetu, na swali mojawapo lilikuwa, "Je, unajiamini?" Ujaze moja hadi tano. Mama mmoja anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa, kule Obunga akainua kichwa akauliza, "Kuliko nani?" Mkufunzi akamwambia ajaze tu. Akajaza mbili. Huyo ni mama anayebishana bei na mawakala wa samaki alfajiri, na wasipopunguza anakalia gunia lao mpaka wapunguze! Lakini amezungukwa na akina mama wanaofanya hivyo hivyo kila siku, na wawili watatu wanamzidi kwa ukali. Kwa hesabu yake, mbili ni haki.

Guimond na wenzake waliliangalia jambo hili mwaka 2007 huko Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Marekani na Malaysia. Tofauti ilionekana zaidi kule Magharibi, na maelezo yao ni kwamba huko mtu hujilinganisha na jinsia ya pili. Ukiwaweka mwanamume na mwanamke ofisi moja, kazi moja, mshahara mmoja, kila mmoja atamtumia mwenzake kama kioo, na tofauti itaonekana. Wakiishi mbalimbali, kila mmoja hujipima kwa wa jinsia yake, kama yule mama wa Obunga, na pengo halionekani. Haya, nipingeni.

Mama Omena, Dunga

Mwalimu, shikamoo. Umeandika vizuri lakini umeruka kitu kikubwa. Mashua ni ya mwanamume. Wavu ni wa mwanamume. Mila ilituzuia kuingia ziwani kuvua, kwa hiyo sisi tunangoja ufuoni na beseni. Halafu kuna jaboya, ambayo kila mtu hapa anaijua: mvuvi hakuuzii samaki mpaka ulale naye. Sasa mtu anayeishi hivyo unamletea karatasi umuulize kama anajiamini? Atajibu akimfikiria huyo mwenye mashua, si mama jirani. Pale Nduru akina mama walipopata mashua zao wenyewe, mazungumzo ufuoni yalibadilika, na hakuna aliyewapima tabia kwanza. Mtaji ndio uliobadilika.

Omusinde wa zamani, Bungoma

Mimi ni Mbukusu na fomu zenu sizielewi kabisa. Kijana wetu wa kutahiriwa anapita nyumbani kwa wajomba akicheza njuga, asubuhi anapakwa matope mtoni, anarudi uani kusimama mbele ya kisu huku kijiji kizima kinamtazama jicho. Akipepesa, jina la baba yake limekwisha. Mwezi wa nane wa mwaka wa shufwa ukifika njoo ujionee. Huyo umwulize kwenye karatasi, "Je, unaogopa upesi?" Unadhani ataandika nini? Kwa hiyo pengo kati yetu na dada zetu lilipaswa kuwa kubwa kuliko la Wafaransa, si dogo. Hoja yako inachechemea hapo, mwalimu.

Jakisumo

Omera wa Bungoma, taratibu. Kwetu Wajaluo uume haukuwa kwa kisu. Tohara iliyoanza kuenezwa Nyanza mwaka 2008 ililetwa kwa sababu ya Ukimwi, na watu walipanga foleni zahanati bila kuimbiwa. Wazee wetu waling'oa meno sita ya chini, wavulana kwa wasichana. Kisu kinawahusu nyinyi, msitubebeshe.

Chebet, Njoro

Hili la maumbile naomba tulizike. Gneezy, Leonard na List walichapisha jaribio mwaka 2009: watu wanarusha mpira wa tenisi ndani ya ndoo, kila mmoja achague kulipwa kwa alichopata mwenyewe au ashindane na mtu. Kwa Wamaasai wa Tanzania, wanaume waliochagua kushindana walikuwa nusu, wanawake kama robo. Kwa Wakhasi wa India, ambao mali hupitia kwa binti, wanawake ndio waliozidi: asilimia 54 kwa 39. Maumbile gani hayo yanayogeuka ukivuka bahari?

Tena kwetu Nandi mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari aoe mke, na tangu hapo anahesabiwa mwanamume. Mtafiti Regine Oboler aliandika juu ya akina mama hao mwaka 1980. Hawatakiwi hata kubeba mzigo kichwani. Na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo kwenye kesi ya urithi. Huyo mnamweka upande gani wa takwimu zenu?

Mpiga kura, Nakuru

Nachoogopa ni wanasiasa kuzishika namba hizi na kusema, "Mnaona? Wanawake wenyewe hawataki uongozi." Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe katika vyombo vya kuchaguliwa, na Bunge halijawahi kutimiza. Huku Nakuru mwaka 2022 tulimchagua gavana mwanamke na seneta mwanamke, na hakuna aliyewapa fomu. Na nyinyi wa Kisumu mlikuwa na Grace Onyango, meya tangu 1965 na mbunge tangu 1969.

Mwalimu, Kondele

Marahaba, mama. La jaboya nalikubali nusu. Mtaji unabadilisha anachoweza mtu, na hilo ni kubwa kuliko fomu yoyote. Lakini ukimuuliza mama wa Nduru mwenye mashua kama anajiamini, nadhani sasa ndipo atakapojipima kwa wavuvi wanaume, kwa kuwa ndio washindani wake, na huenda akajaza namba ya chini kuliko alipokuwa na beseni. Ndiyo maana sitaki fomu hizo zitumike kuamua nani apewe mafunzo au cheo. Wa Nakuru, hapo tuko pamoja.

Ndugu wa Bungoma, kijana wako hashindani na dada yake pale uani. Anashindana na rika lake, na wote wamesimama. Akishika kalamu anajiona wa kawaida tu.

Chebet ndiye aliyenipa kazi. Wakhasi wananiunga mkono dhidi ya maumbile, lakini mpira na ndoo hupima mtu anachofanya, si anavyojieleza, kwa hiyo siwachukui wote. Huyo mama aliyeoa ndiye ninayemtaka. Aulizwe maswali yale yale kabla ya mahari na miaka michache baadaye. Majibu yake yakisogea kwa kuwa sasa anajilinganisha na wazee wa kiume kwenye baraza, hoja yangu inasimama. Akiendelea kujipima kwa akina mama aliokuwa akichota nao maji, basi nimekosea kipimo na nitasema hapa hapa. Kuna mtu wa Kapsabet au Nandi Hills humu anayeweza kumwuliza bibi yake?