Beringi ya mbele inavuma: nibadilishe mwenyewe nyumbani au nipeleke gereji?

Soketi32
Wakuu, salamu. Gari langu dogo, linalovutwa na magurudumu ya mbele, limeanza kuvuma. Chini ya kilomita 40 kwa saa husikii kitu. Likifika 60 unaanza mngurumo mzito unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Nikiweka gia huru hali ni ileile, kwa hiyo injini na giaboksi nimeshaziondoa kwenye washukiwa. Nikikata kona ya kushoto sauti inakua, nikikata kulia inapoa.

Pedi na diski za breki huwa nabadilisha mwenyewe. Nina jeki, stendi na seti ya soketi. Gereji wanasema beringi zote mbili za mbele zitoke, na gari lilale kwao. Je, kazi hii inafanyika nyumbani? Na lazima zote mbili? Natanguliza shukrani.

Grisi_Mkononi
Mkuu, gia huru inaiondoa injini tu. Difrensha, zile gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, imo humo humo kwenye giaboksi na inazunguka muda wote magurudumu yanapozunguka. Lakini hilo la kona linasema mengi: ukikata kushoto uzito unahamia kulia, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kulia.

Thibitisha kabla ya kununua chochote. Inua mbele, weka stendi, zungusha gurudumu kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi ya shokapu. Beringi iliyochoka utaihisi inakwaruza kwenye springi hata kama sikio halisikii. Kisha shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mtu akanyage breki halafu utikise tena: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki angalia bolijointi, kile kiungo cha duara kinachounganisha gurudumu na mkono wa chini. Na pitisha kiganja juu ya tairi, maana tairi lililolika kwa mawimbi linavuma vilevile kabisa. Wengi wamebadilisha beringi nzima kwa sababu ya tairi.

Mzee wa Presi
Swali la nyumbani au gereji halina jibu mpaka tujue gari lako lina beringi ya aina gani.

Kuna za zamani, mbili za koni ndani ya habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake), unazipaka grisi na kuzirekebisha kwa nati. Hizo fanya uani kwako bila wasiwasi. Kuna zinazokuja pamoja na habu yake kama kitu kimoja, zimefungwa kwa bolti tatu au nne kwa nyuma. Hizo pia ni kazi ya nyumbani. Adui wako ni kutu tu. Halafu kuna za kushindiliwa ndani ya nakeli, kile chuma kinachobeba habu na kalipa (kibano cha pedi za breki). Hapo ndipo mambo yanapobadilika, kwa sababu inatakiwa mashine ya presi.

Nyundo Moja
Mnamtisha bure. Nyundo nzito, kipande cha bomba, na beringi mpya iwekwe kwenye friji usiku kucha. Inaingia.

Mzee wa Presi
Kuingia itaingia, ndugu yangu. Shida ni itakavyozunguka baadaye. Ukiingiza beringi kwenye nakeli, nguvu ipite kwenye pete ya nje. Ukiingiza habu ndani ya beringi, pete ya ndani iwe imeegemezwa kwa chini. Ukigonga pete isiyohusika, kila pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia zake. Huvioni kwa macho, ila mvumo unarudi mapema na utasema umeuziwa beringi feki. Tena habu ikitoka, pete ya ndani ya beringi ya zamani mara nyingi hubaki imeng'ang'ania habu, na kuitoa bila kuchubua habu ni kazi nyingine kabisa.

Dada Torki
Kaka, kuna njia ya kati ambayo watu wanaisahau. Kama ni ya kushindiliwa, fungua nakeli mwenyewe, ipeleke gereji yenye presi pamoja na beringi mpya, walipe kwa kushindilia tu. Kufungua ndiko kunakokula muda: nati ya shafti inayozungusha gurudumu, kalipa, tairodi (fimbo ya usukani), bolijointi, bolti za shokapu. Legeza nati ya shafti gari likiwa bado chini. Kalipa ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa breki.

Waambie pia waangalie upande. Kama gari lina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki, beringi nyingi huwa na sili yenye sumaku upande mmoja, na upande huo lazima utazame sensa. Ikigeuzwa, taa ya ABS itawaka na utarudia kazi yote.

Soketi32
Asanteni sana. Nimeinua gari: kulia springi inatetema vibaya, kushoto kumetulia na hakuchezi. Matairi hayana mawimbi. Nyuma ya habu hakuna bolti, kwa hiyo ni ya kushindiliwa. Naifuata njia ya Dada Torki. Ya kushoto naigusa au naiacha?

Grisi_Mkononi
Iache. Beringi si kama shokapu, haihitaji kwenda kwa jozi. Nzima ni nzima.

Dada Torki
Ukirudisha, weka nati mpya ya shafti na uikaze kwa spana ya torki kwa kipimo cha gari lako. Magari mengi hupita 180 Nm, kwa hiyo spana ndogo ya torki haitafika; azima kubwa. Bunduki ya upepo isitumike kumalizia. Na usiliteremshe gari wala kulisukuma nati ikiwa imelegea, maana hiyo nati ndiyo inayobana pete mbili za ndani zikae pamoja. Uzito ukikaa juu yake kabla haijakazwa, beringi mpya inaweza kuharibika hapo hapo. Mtu akanyage breki, ukaze gurudumu likiwa hewani, ndipo ushushe.

Mzee wa Presi
Bolti za shokapu zipige alama kabla hujazifungua, halafu ukimaliza peleka gari wapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu. Zikihama kidogo tu, tairi litalika upande mmoja.