Tupeane uzoefu: mchaichai, mrehani na rozimari zinapokutana na baridi kali

Wapendwa, huu ni mwaka wangu wa 6 Minneapolis. Msimu wa kwanza nilipanda mchaichai nyuma ya nyumba, ukanifika kifuani. Asubuhi moja mwanzoni mwa Oktoba niliukuta umelala chini, rangi kama nyasi za kuezekea. Nililia, nisiwafiche. Siku hizi katikati ya Septemba, kabla ya jalidi ya kwanza (umande ulioganda), nauchimbua na mizizi yake, nakata majani nabakiza shubiri moja, napanda kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kuiweka kwenye dirisha la jua. Maji kidogo tu, udongo ukishakauka. Ukizidisha, shina linaoza. Mwishoni mwa Mei unarudi nje. Ni shina lile lile mwaka wa tano sasa. Ninyi wenzangu mnafanyaje?

*Makete, Tanzania:*
Dada, hata huku nyumbani Juni hadi Agosti tunaamka sakitu, yaani hiyo jalidi, imetanda nyeupe juu ya nyasi. Mrehani wangu ulikufa kwa usiku mmoja, majani meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Usiku wa kuuogopa ni ule wenye nyota nyingi na upepo umetulia, maana hakuna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee. Tena baridi hushuka na kutuama bondeni, na bustani yangu ilikuwa huko huko, karibu na maji. Nimeihamishia mteremkoni. Mchana namwagilia, kwa kuwa udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Jioni nasimika vigingi, natandaza magunia juu yake, na jua likitoka nayaondoa. Nailoni usiiache iguse majani. Pale inapogusa ndipo panapoungua.

*Kinangop, Kenya:*
Jalidi yetu huja Januari na Februari, wakati wa kiangazi. Rozimari haijawahi kunisumbua, na dhania huvumilia baridi ya kiasi. Ombi langu ni kuhusu nanaa: ikikauka juu, tafadhali msiing'oe! Niliwahi kung'oa kitalu kizima nikidhani imekufa, kumbe mizizi ilikuwa hai, minene na myeupe. Iliyobaki pembeni niliifunika kwa matandazo ya nyasi kavu, ikachipua yenyewe.

*Hamburg (kwetu Unguja):*
Rozimari yangu ya kwanza iliniponyoka hapa barazani ghorofani. Nadhani baridi peke yake isingeiua. Chungu kiliganda chote, mizizi ikakosa maji. Sasa chungu nakivisha blanketi kuukuu, nakiinua juu ya vipande vya mbao, nakisogeza ukutani, na siku isiyo na barafu nakinywesha kidogo.

Mrehani ndio nauonea uchungu zaidi. Bibi alikuwa nao mlangoni, akichuma jioni kutia kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na asumini. Huku baridi ikija hauvumilii nje kabisa, kwa hiyo mwishoni mwa Agosti nakata vitawi vyenye urefu wa kidole, naviweka kwenye glasi ya maji jikoni. Baada ya wiki moja au mbili vinatoa mizizi, navipanda ndani. Nikipita nikiugusa, harufu yake inanirudisha kwa bibi.

*Minneapolis:*
Dada wa Hamburg, asante sana. Hivyo vitawi unakatia wapi?

*Hamburg:*
Chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota, mpenzi. Majani ya chini yatoe yasizame majini, na maji ubadilishe kila baada ya siku mbili.