Majirani wa Geti la Bluu

*Ijumaa usiku*

Mama Pacha, 7:14: Jamani, kuna aliyelala humu?

Nesi, 7:15: Mimi naingia zamu saa kumi na mbili. Glasi ya maji juu ya kabati inatetemeka. Sitanii, naitazama hapa.

Baba Kona, 7:15: Wanafunzi wa geti la bluu hao, na muziki wao. Mitihani yao ikiisha, wetu unaanza.

Mama Pacha, 7:17: Mmoja kaamka. Mwenzake anasubiri nikae tu naye aanze.

Baba Kona, 7:18: Naita polisi.

Mwenyekiti, 7:19: Subiri kwanza. Mara ile uliwaita, wakazima, gari likaondoka, wakaongeza. Kijana wao mmoja tulimuunga humu. Chumba Sita, upo?

*Baba Kona amefuta ujumbe huu*

Mwenyekiti, 7:21: Baba Kona, nimeshausoma. Lugha.

Chumba Sita, 7:24: Samahanini sana majirani. Tumemaliza mitihani leo. Tumeshapunguza.

Nesi, 7:26: Mmempunguza mwimbaji. Ngoma iko palepale: du, du, du.

Chumba Sita, 7:29: Dada, nimetoka mpaka getini, haisikiki kivile.

Nesi, 7:29: Usiishie getini. Njoo kitandani kwangu.

Baba Kona, 7:30: 😂😂

Nesi, 7:30: USIKILIZE ngoma! Nyie watu!!

*Jumamosi*

Babu Mwalimu, 2:05 asubuhi: Nimesoma yote. Nesi hasemi uongo, na kijana hasemi uongo. Mkorofi ni besi, ile sauti nzito ya ngoma. Sauti nyembamba ina mawimbi mafupi, ukuta unaipunguza sana. Besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi lake lina karibu mita 7, ukuta haiutambui. Halafu spika ikikaa sakafuni, sakafu nayo inageuka spika.

Baba Kona, 2:09: Mwalimu, mimi nilitaka usingizi, umeniletea fizikia.

Nesi, 2:20: Mie ilinisaidia. Simu yangu jana ilipima ukubwa wa sauti, desibeli 41 tu, nikajiona mchokozi.

Babu Mwalimu, 2:24: Programu nyingi za simu hupima kwa kufuata sikio, na sikio letu ni zito kwa besi. Kwa hiyo besi haihesabiwi yote. Hata hivyo 41 ni nyingi. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza isizidi 30 kwa chumba cha kulala usiku.

Mama Pacha, 2:31: Muziki ni nusu tu. Asubuhi naokota vipande vya chupa njiani ndipo wanangu wapite. Na kinachonichosha zaidi, tukishazoeana nao wanahama. Wanakuja wengine, tunaanza upya salamu, tunaanza upya ugomvi.

Chumba Sita, 4:50: Shikamoo babu, shikamooni wote. Chupa tumeokota sasa hivi, mama, mpaka kwenye mtaro. Ila naomba niseme. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, imegawanywa kwa mbao ikawa saba. Tuko kumi na mmoja. Sebule ndicho chumba changu. Watu wakija hatuna pa kuwaweka ila uani, na uani ndiko yaliko madirisha yenu.

Nesi, 4:58: Kumi na mmoja??

Mwenyekiti, 5:01: Mwenye nyumba yumo humu tangu kikundi kianze. Mwenye Geti, karibu uchangie.

Baba Kona, 5:30: Anasoma huyo, anapita kama kivuli. Zamani wanafunzi walikuwa na adabu lakini.

Babu Mwalimu, 5:41: Zamani ipi? Oxford, mji wa chuo kikuu huko Uingereza, Februari 10, 1355, wanafunzi waligombana na mwenye baa juu ya mvinyo mbaya. Watu wakapigana siku kadhaa, wakafa wengi pande zote mbili. Mji ukawa unakilipa chuo faini kila mwaka mpaka 1825. Kupatana rasmi, 1955.

Baba Kona, 5:44: Miaka 600! Mwalimu, mimi nina presha.

Chumba Sita, 6:10 mchana: Leo kuna watu tena, samahanini, walialikwa zamani. Spika nitaiinua, niiweke juu ya godoro kuukuu, mbali na ukuta. Saa tano tunazima. Simu ya kupiga ni hii yangu, mimi sinywi.

Nesi, 6:12: Ipokelewe lakini.

Baba Kona, 6:15: Tano kamili. Si tano na nusu.

*Jumamosi usiku*

Nesi, 4:37: Glasi imetulia. Nasikia vicheko tu, na vicheko havinidhuru.

Mama Pacha, 5:06: Wamezima.

Baba Kona, 5:08: Dakika nne wamechelewa.

Mama Pacha, 5:08: Baba Kona, lala.

Mwenye Geti, 5:20: Wapangaji wangu, nawakumbusha kodi mwisho ni Jumatatu.

Baba Kona, 5:21: Kumbe yuko macho.