Anayezima ufuatiliaji wa mabadiliko katika mwongozo wa umeme anahatarisha maisha ya watu

Assalaam aleykum ndugu zangu.

Juzi nilivuka kwenda Kizingitini, nikamkuta fundi kijana ameinamia kisanduku cha umeme cha pampu ya sola, na mwongozo nilioutunga mimi uko magotini mwake. Hatua ya kwanza, ya kukata swichi ya paneli kabla ya kugusa chochote, haimo. Niliiandika kwa herufi nzito, kwa sababu paneli haizimiki mchana: jua likiwaka, nyaya zake zina umeme hata pampu ikiwa imesimama. Nilimshika mkono yule kijana nikamwondoa pale.

Niliporudi Amu nilifungua mafaili yote 9 tuliyorushiana kwa WhatsApp na ofisi iliyoniagiza kazi, mengi yakiitwa "mwisho" au "mwisho kabisa", nikayalinganisha moja baada ya jingine hadi usiku. Mhariri wao alizima ufuatiliaji wa mabadiliko, yaani kifaa cha programu ya kuandikia ya Word kinachotia rangi kila kinachoongezwa au kufutwa, akafuta hatua ile ili maandishi yaenee katika ukurasa mmoja, akauwasha tena, akarekebisha nukta na mikato, kisha akanirudishia. Mimi nikaona nukta zilizotiwa rangi, nikadhani ni hizo tu, nikaidhinisha. Kosa la kufuta ni lake, na jina lililo juu ya jalada ni langu.

Wahariri, nawaomba na nawakemea kwa pamoja: rasimu ya mwenzenu si daftari lenu. Nasi tunaoandika tuache kuamini rangi. Katika Word ufuatiliaji huwashwa na kuzimwa kwa Ctrl+Shift+E, yaani mtu yeyote anaweza kuuzima kwa vidole vitatu. Lakini programu hiyo hiyo inaruhusu kuufunga kwa nywila, na tangu sasa sitoi faili bila kuufunga. Hata hivyo kinga ninayoitegemea zaidi ni kuhifadhi nakala ileile niliyoituma, bila kuigusa, na faili likirudi kuiamuru Word ilinganishe hati hizo mbili. Hapo kila neno lililoondolewa hujitokeza, liwe lilifuatiliwa au halikufuatiliwa. Programu nyingine ya kuandikia, LibreOffice, nayo inalinganisha, na haina malipo, kwa hiyo ofisi isiniambie kwamba haina bajeti.

Jambo jingine linalonichosha ni watu kuficha alama za mabadiliko wakadhani wameyakubali. Kuficha ni kutoyaona tu. Yamo ndani ya faili, yakingoja kumshtua mtu mwingine.

Wenye intaneti ya kuaminika wafanye kazi katika hati moja ya Google, ambayo huweka historia ya matoleo bila kusubiri mhariri akubali, mradi asiipakue akaihariri pembeni. Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ni bora kwa wanaoandika maandishi matupu yasiyo na mapambo, ila faili la Word ni kifurushi kilichobanwa na Git peke yake haiwezi kukuonyesha mstari uliobadilika. Na majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi, kisha siku, mfano 2025-03-14, yajipange yenyewe.

Ukurasa uliosahihishwa nimeshaipelekea ofisi iliyoniagiza kazi. Nakala zilizochapishwa bado ziko mikononi mwa mafundi wa Faza na Kizingitini, na ofisi inanijibu kwamba itazirekebisha katika toleo lijalo. Nazitaka zikusanywe wiki hii.